Vyura wa Kambi ya Juu

Daktari wa chuo kikuu, mtaalamu wa vyura, alifika siku mbili kabla ya siku aliyoiandika kwenye ujumbe wake, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Gari la chuo liliposikika likikwaruza mawe ya kona, Mzee Pima alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, suruali kaikunja hadi pajani, goti la kulia limefunikwa kitambaa cha maji moto. Ratiba iliyobandikwa ukutani kwenye ofisi ya kituo cha utafiti ilisema kwamba saa hiyo yuko Kambi ya Juu, mita elfu mbili na mia tatu, anafukunyua majani yaliyooza na kuokota vyura.

"Taratibu," alimwita mkewe kwa sauti ya chini. "Ni yeye."

Jina hilo la Taratibu alipewa na mumewe mwenyewe, zamani, kwa sababu hakuwahi kumwona akikimbia. Siku hiyo alikimbia. Alimvuta mumewe mkono, akamtupia buti zake, akamtoa kwa mlango wa nyuma huku maji moto yakimwagika sakafuni.

"Zungukia kijitoni," alimwambia. "Jipake tope, halafu uje kwa njia ya mlimani."

"Na begi?"

"Begi hili hapa. Nenda, baba, nenda!"

Alipotokea sebuleni, Daktari alikwisha fika barazani na dereva wake. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwembamba, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Vyura wote wa mlima ule walikuwa mikononi mwake: yeye ndiye aliyeandika vitabuni yupi ni yupi, na kila mmoja anaishi kuanzia wapi hadi wapi.

"Mzee yuko juu?" aliuliza.

"Yuko juu. Lakini leo anashuka."

"Vizuri. Nina habari kubwa kwa ajili yake."

Binti yao, mshonaji, alikuwa pale pale barazani na cherehani yake. Hakuinua uso. Alisalimia kwa kichwa, akazidi kukanyaga, kitambaa kikapita chini ya sindano bila mshono wowote wa maana.

Baada ya nusu saa Mzee Pima alitokea kwenye njia ya mlimani, begi mgongoni, tope hadi magotini, anachechemea. Alibisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe.

"Mzee, leo mlima umekukung'uta kweli!" dereva alicheka.

"Umeninyonya," alijibu, akakaa, mguu ameunyoosha mbele kama mpini wa jembe. Hakuna aliyeangalia lile tope isipokuwa mkewe. Lilikuwa jekundu, tope la kijitoni. Tope la juu ni jeusi.

*

Kwa misimu mitatu ya mvua Mzee Pima hakuwa amevuka daraja la pili kwenye njia ya kupanda. Goti lilikataa. Mtu wa mlimani asiyepanda mlima huondolewa kazini, na nyumba ile, vyumba viwili na jiko, ilikuwa ya kituo; kazi ikiondoka na nyumba inaondoka. Ilibaki miezi kumi na minne tu astaafu. Kwa hiyo mkewe ndiye aliyeshuka kijitoni nyuma ya nyumba, asubuhi, kabla hajawasha moto, na kuwaokota vyura kwa ajili yake.

"Uchague weusi weusi," mumewe alimwelekeza. "Wa juu wana tumbo jeusi."

Taratibu alimgeuza kila chura kwenye kiganja, akamwangalia tumbo. Wa njano alimwachia arudi majini. Mwenye weusiweusi alimtia mfukoni. Nyumbani Mzee aliwalaza siniani, vidole vimenyooshwa, akaandika vikaratasi kwa penseli, maana wino huyeyuka kwenye spiriti: Kambi ya Juu. Kufunga vikaratasi miguuni ilikuwa kazi ya Taratibu. Wote wawili walijiambia kwamba chura ni chura, na kwamba wale wa juu ni weusi kwa sababu ya baridi tu, kama mtu anavyobadilika rangi akihamia kwenye baridi.

"Hakuna mtu anayefunga uzi kama Mzee," Daktari alisema sasa, akipokea kikombe cha chai. "Huwa nawaambia wanafunzi wangu. Vidole vikubwa hivyo, fundo dogo kama punje ya mtama."

Mzee Pima aliviangalia vidole vyake. Taratibu akamimina chai ya dereva, ikafurika kidogo kwenye kisahani.

"Sasa sikiliza, Mzee. Vyura wa zamani wa kule juu, wale waliokusanywa mimi sijazaliwa, wana tumbo jeusi tii. Wa kijitoni hapa wana tumbo la njano. Ndiyo maana waliitwa aina mbili, na wa juu akapewa jina lake peke yake. Mimi mwenyewe nimelitetea jina hilo miaka kumi. Lakini chupa zako zimenionyesha wa katikati! Si weusi tii, si njano. Ukiwapanga mezani ni kama ngazi, hatua kwa hatua. Na vipimo vya damu vinasema hivyo hivyo: wa Kambi ya Juu na wa kijitoni ni damu moja."

"Na wale wa zamani?" Mzee aliuliza. "Damu yao?"

"Walilowekwa kwenye dawa za enzi zile, damu yao haisomeki tena. Kwa hiyo imekwisha. Ni chura mmoja, anaanzia hapa nyuma ya jiko lenu mpaka kileleni. Jina la wa juu nalifuta."

"Likifutwa inakuwaje?"

Ni Taratibu aliyeuliza. Daktari aligeuka kumtafuta aliyesema, akashangaa kumkuta ni yule mwenye birika.

"Mama, msitu wa juu umefungwa kwa ajili ya jina lile. Kuna kampuni ya kokoto inausubiri. Jina likiondoka, kizuizi kinaondoka nalo, na mwezi ujao misumeno inaingia." Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi. "Inaniuma sana. Lakini siwezi kudanganya kwenye karatasi ili kuokoa miti. Nikifanya hivyo, nani ataniamini tena?"

Nje cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Kesho asubuhi tukutane stoo ya kituo," Daktari alimalizia. "Utanisainia tu, Mzee, kwamba vyura wote arobaini na mmoja ni wewe uliyewakusanya Kambi ya Juu. Sahihi moja, basi."

*

Jioni, kabla ya chakula, mshonaji alifunga mlango kwa komeo.

"Baba atasaini," alisema. "Hakuna la kujadili."

"Nani kasema tunajadili?" Mzee Pima alikuwa ameinamia goti lake, analipapasa kama mtu anayembembeleza mnyama mkali. "Nasaini. Yeye ni msomi. Kapima mwenyewe, damu kapima mwenyewe. Kama wasomi wanasema ni mmoja, mimi wa darasa la nne nibishe?"

"Kapima alichopewa," Taratibu alisema.

"Mama, usianze."

"Sijaanza. Naweka chumvi."

Waliambaa na maneno mengine kwa muda: sare za shule za wajukuu, mafuta ya taa, paa linalovuja kwenye pembe. Taratibu aligawa chakula. Alipofika kwa mumewe alisimama na upawa mkononi.

"Wa juu ni walewale wa kijitoni, baba? Wewe uliyewashika miaka yote hiyo. Niambie mimi, usimwambie Daktari."

Mzee alikiangalia kiganja chake.

"Wale ni wazito," alisema hatimaye. "Ukimshika ni kama umeshika kokwa. Hawa wa kijitoni ni maji matupu."

"Basi si walewale."

"Nipe chakula."

"Mama," mshonaji alisema, na sasa hakuwa na ukali, alikuwa na hofu, "chura akikosa jina ataendelea kuruka. Hajui hata kama alikuwa nalo. Sisi tukikosa nyumba tunarukia wapi? Mimi na watoto wawili, na baba na mguu huo? Miezi kumi na minne, mama. Umekaa kimya misimu mitatu. Kinakushinda nini kimya cha kesho?"

Taratibu aliinama akachota. Mwanawe alikuwa amesema kweli, kila neno, na hilo ndilo lililomnyima hamu ya kula.

*

Asubuhi alibeba begi la mumewe hadi kituoni, kwa kuwa goti lilikuwa limevimba. Mtunza stoo alimzuia mlangoni.

"Wasio wafanyakazi hawaingii, mama. Kaa hapo nje kwenye benchi."

"Mwache ashike sinia," Daktari aliita kutoka ndani. "Sina mikono ya kutosha."

Stoo ilinuka spiriti mpaka macho yakawasha. Chupa zilipangwa kwenye rafu hadi darini. Mezani, vyura arobaini na mmoja walilala kwa mistari, wametoka kwenye njano iliyochujuka hadi kwenye kijivu kizito, kila mmoja na kikaratasi chake mguuni. Kweli walikuwa kama ngazi. Taratibu alishika sinia akawatazama, na kila aliyemtazama alimjua. Huyu wa chini ya jiwe la kufulia. Huyu wa kwenye mgomba. Huyu aliyemponyoka mara mbili akamchekesha peke yake asubuhi.

"Hapa chini, Mzee," Daktari alisema, akaweka kidole kwenye karatasi. "Juu ya mstari."

Mzee Pima alishika kalamu. Aliandika herufi ya kwanza ya jina lake, kubwa, na mkia wake.

"Daktari," Taratibu alisema, "huyu asiye na kidole nilimkata mimi."

"Samahani?"

"Kwa jembe. Nilikuwa nazibua mtaro wa maji machafu nyuma ya jiko. Nikamwonea huruma, nikasema huyu atakufa tu, bora nimtie na wenzake."

Mumewe hakugeuka. "Mke wangu hajui anachosema," alimwambia Daktari harakaharaka. "Ni mtu wa jikoni huyu. Kachanganya."

Maneno hayo yalimwingia Taratibu taratibu, kama maji yanavyoingia kwenye kiatu. Mtu wa jikoni. Vyura wote wale na mafundo yote yale.

"Sijachanganya," alisema. "Wote ni wa kijitoni. Mzee hajafika juu misimu mitatu."

Daktari aliwaangalia wawili hao kwa zamu. Kisha akanyoosha kidole kwenye rafu ya juu, penye ngazi fupi ya mbao yenye vipandio vinne.

"Mzee, naomba unishushie chupa ile ya mwisho. Ile ya zamani."

Mtunza stoo akajisogeza. "Nitaileta mimi, Daktari."

"Nimemwomba Mzee."

Mzee Pima alikwenda kwenye ngazi. Alipanda kipandio cha kwanza kwa mguu wa kushoto, akauvuta wa kulia. Akapanda cha pili. Hapo goti lilimkatalia mbele ya watu. Alibaki ameing'ang'ania ngazi kwa mikono yote miwili, uso ameuelekeza ukutani, mtu aliyekuwa akipanda mlima mzima na gunia la unga mgongoni. Hakuweza kwenda juu na hakuweza kushuka. Taratibu aliweka sinia chini, akaenda akamshika kiunoni, akamteremsha.

Daktari alikaa juu ya kreti. Mwanzo hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Uliwachagua kwa rangi?" aliuliza. "Uliwaacha wa njano?"

"Tulitaka wafanane na wa juu."

"Ndiyo maana nikapata ngazi." Alicheka kicheko kikavu. "Miaka mitatu sikupima mlima, mama. Nilipima macho yako." Kisha hasira ikamfikia, akasimama. "Na huko juu sasa kuna nini? Nani ameona? Miaka mitatu tunaandika wapo, wapo, wapo, na hakuna mtu aliyepanda kuangalia!"

Mtunza stoo alijifanya anahesabu chupa.

*

Mkuu wa kituo alimsimamisha kazi Mzee Pima mchana uleule. Nyumba aliwapa wiki mbili. Mshonaji hakumpigia mama yake kelele. Alikunja vitambaa vya wateja kimyakimya, na kila alipopishana naye mlangoni alijibana ukutani asimguse. Mzee naye akaacha kusema na mkewe. Akitaka maji alimwambia mjukuu amwambie bibi.

Siku ya tatu dereva alikuja na ujumbe: Daktari anapanda juu na wabeba mizigo wawili, na anamtaka Taratibu.

"Mimi? Baada ya yote?"

"Amesema hao wengine watamletea chura yeyote," dereva alisema. "Amesema wewe unajua kuangalia."

Alipanda. Miguu ya miaka sitini na miwili haikupenda, lakini ilikwenda. Hakuwa amewahi kuvuka daraja la pili maishani mwake, na alipofika Kambi ya Juu, mahali alipopafunga miguuni mwa vyura mara arobaini na moja, alikuta kibanda kilichoanguka upande mmoja na ukungu unaopita mlangoni kama mtu wa nyumbani.

Walitafuta siku nzima, na siku ya pili, na siku ya tatu hadi mchana. Walifunua majani, wakapekua kuvumwani yenye manyoya ya kijani kwenye magome, wakageuza magogo na kuyarudisha yalivyokuwa. Palikuwa na konokono, na mdudu mmoja mwenye miguu mingi.

Mchana wa siku ya tatu ndipo Taratibu aliposikia: kama kijiko kinachogongwa kwenye kikombe kitupu, mara tatu, kisha kimya. Aliinua mkono kuwazuia wengine. Alikwenda kwa magoti, akatenga kuvumwani kwenye shina, akamwona. Alimgeuza kwa kidole kimoja. Tumbo jeusi tii kama sufuria. Na alikuwa mzito.

"Daktari," alinong'ona. "Ni huyu."

Daktari alipiga magoti kwenye tope. Mfuko wa kuchukulia ulikuwa wazi mkononi mwake. Aliutazama mfuko, akamtazama chura, kisha akaufunga na kuurudisha. Alitoa kijiti chenye pamba, akampangusa chura mdomoni, akakifungia kijiti kwenye kichupa. Akampiga picha juu na chini.

"Mate haya yatatosha kusoma ukoo wake kama damu," alisema. "Jina silifuti."

"Na misumeno?"

"Jina nalijua mimi, mama. Misumeno sijui. Kwa chura mmoja?"

Walimrudisha kuvumwani. Aliita tena, mara tatu. Wakakaa mpaka ukungu ukawa rangi ya majivu, wakisikiliza, midomo wazi kidogo kama watoto. Aliita, akanyamaza, akaita.

*

Siku ya kuhama alikuja karani wa kituo na orodha. Alihesabu viti vinne, meza, kitanda cha chuma. Akapanda kwenye kiti akafungua balbu.

"Hata balbu?" mshonaji aliuliza.

"Imeandikwa, dada. Si mimi, ni karatasi."

"Basi fungua na mbu, wamezaliwa humu humu."

Karani alitaka kucheka, akajizuia. Vitu vyao vilijaa nusu ya gari dogo la mizigo: magodoro, cherehani, masufuria ndani ya beseni. Walikuwa wanakwenda kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la mteja wa mshonaji, mpaka wapate pengine. Watoto walikaa juu ya magodoro. Mzee Pima alisaidiwa kuketi ukingoni mwa gari, miguu inaning'inia. Taratibu alisimama karibu naye akifunga kamba.

"Ulimwona," Mzee alisema.

Zilikuwa wiki mbili tangu amsemeshe mara ya mwisho. Taratibu hakuiacha kamba.

"Nilimwona."

"Anaita?"

"Anaita."

"Wenzake wakaitikia?"

Angeweza kumpa neno la kumtuliza. Alilifikiria neno hilo, likamfika hadi ulimini.

"Hapana, baba. Tulikaa mpaka giza. Hakuna aliyeitikia."

Mzee Pima alitikisa kichwa polepole. Dereva wa gari la mizigo aliwasha injini, mshonaji akamwashiria angoje.

"Mara ya mwisho nilipopanda," Mzee alisema, "goti lilikuwa bado linafaa. Nilikaa siku tano. Zamani ukilala pale kelele zao hazikuachi upate usingizi. Safari ile niliwahesabu wanne tu, nikawaacha palepale."

"Wanne?"

"Kwenye daftari la kituo nikaandika kumi na wanne."

Taratibu aliacha kufunga.

"Niliogopa watasema nazeeka, sitafuti vizuri. Nikasema ni ukame, msimu ujao watarudi. Halafu goti likaharibika, nikashukuru, Mungu anisamehe. Nilishukuru kwamba sitapanda tena kuwahesabu."

Mkewe alimtazama, mzee huyu aliyekuwa amemwita mtu wa jikoni mbele ya watu. Alikuwa na maneno ya kumwambia, na yote yalikuwa haki yake. Aliingiza mkono ndani ya kanga, akatoa simu, akatafuta namba, akaibonyeza na kumwekea sikioni, kwa kuwa mikono ya Mzee ilikuwa imeshika ukingo wa gari.

Simu iliita, ikaita. Kisha sauti ya mwanamke ikasikika, ndogo, ya mbali.

"Daktari," alisema Mzee Pima, na akafumba macho. "Ni Pima. Una kalamu hapo karibu? Kuna namba moja niliandika vibaya. Andika wanne."